Nilimkataa mgombea mwenza kwa hoja, mama mkwe akataka mkono wangu ndio umwekee vema

Wakuu, heshima zenu. Mlioko shambani, mlioko ofisini, na nyie mnaosoma huku mmejifungia chooni bosi asiwaone, wote nawasalimu.

Haya ninayoyaandika yamenikuta mimi, siyo rafiki wa rafiki. Mama mkwe wangu yuko hapo barazani sasa hivi anachambua mchicha. Nimemsomea mistari hii ya kwanza, amecheka, akasema, "Andika, lakini jina langu liache." Nimeliacha.

Jina la mgombea na la chama chake pia siwataji. Nawajua nyie, uzi utageuka ulingo kabla sijafika katikati.

Kwanza mnijue. Mimi ni mkulima, mzaliwa wa Nyabusozi kule Biharamulo, nimeolewa Kirushya, Ngara. Marehemu baba alikuwa ananiita wakili, kwa sababu hata nikitumwa maji lazima niulize kwa nini ni mimi na siyo kaka. Mdomo huu nimekuja nao hadi ukweni. Baba Neema, mume wangu, ni fundi ujenzi, muda mwingi yuko saiti Biharamulo mjini. Nyumbani tunabaki mimi, watoto na mama yake.

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Alishapewa karatasi ya kwenda kupasuliwa, akasema ngoja avune kwanza. Tangu hapo amevuna mara tatu.

Kwa hiyo macho yake ni mimi. Namsomea meseji, namwambia nani anapita njiani na amevaa nini. Na ikifika siku ya kura, mimi ndiye namshika mkono hadi kituoni. Shikeni hilo, ndiko mambo yalikokwamia.

Sasa tuje kwenye kampeni.

Mgombea mwenza wa chama kimoja alikuja wilayani kwetu. Kwa wadogo zetu wasiojua, mgombea mwenza ndiye anayekuwa makamu wa rais wakishinda. Watu wengi wanamwona kama mtu wa kusindikiza picha. Mimi hapana. Katiba iko wazi, rais akiondoka katikati ya safari, makamu ndiye anakaa kwenye kile kiti hadi muda uishe. Hakuna atakayekuja Kirushya kutuuliza upya. Ndiyo maana mimi mwenza namchunguza kama ninavyochunguza mbegu.

Nikamchukua mama, tukaenda uwanjani. Nilikaa karibu na jukwaa, na nilisikiliza kila neno. Wakuu, nilitoka pale nimevimba.

La kwanza lililonikera ni sifa zake. Mshereheshaji alizisoma hadi tukapiga miayo. Shahada ya hapa, shahada ya ughaibuni, mkurugenzi wa hiki, mwenyekiti wa bodi ya kile. Sikatai elimu, mimi mwenyewe Neema wangu namsukuma asome hadi achoke. Lakini katika orodha yote ile sikusikia mahali hata pamoja ambapo wananchi walipanga foleni wakamchagua, au wakamkataa. Hata uenyekiti wa kitongoji! Kila cheo alipewa na mtu wa juu yake. Sasa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu akaulizwa "ulituahidi nini", siku akikaa kwenye kile kiti atamsikiliza nani?

Kisha akaanza kusema juu ya maharage. Hapo ndipo damu ilipochemka.

Akasema maharage yetu yote yaingie kwenye stakabadhi ghalani. Yaani unabeba gunia lako hadi ghalani, unapewa karatasi, unarudi nyumbani kusubiri mnada. Kwa korosho sijui, sijawahi kulima korosho. Lakini maharage kwetu ndiyo mfuko wa dharura. Mtoto akirudishwa shule leo, mama anapima debe leo, anauza leo. Nikienda na karatasi ya ghala kwa mwalimu mkuu, atamruhusu mtoto akae darasani?

Akaongeza kwamba kuchanganya maharage na migomba ni kilimo cha mazoea, kwamba kila zao liwe na shamba lake. Nikamgeukia mama nikamwambia, "Huyu hajawahi kuona ukubwa wa shamba la Kirushya." Sisi mgomba unatoa kivuli na majani ya kufunika udongo, maharage yanakaa chini yake, na vyote vinatutosha kwenye kipande hicho hicho cha baba mkwe kilichogawanywa mara nne. Hilo shamba la pili atalitoa wapi, mfukoni?

La mwisho, vile visoko vya mpakani vifungwe hadi lijengwe soko moja kubwa la kisasa. Wanawake wa Mugoma, wanaouza kwenye kisoko cha huko mpakani, waliokuwa mbele yangu walitazamana. Soko kubwa linajengwa kwa muda gani? Na hao watoto watakula ramani?

Nikanyoosha mkono kuuliza. Mshereheshaji akasema ratiba imebana. Muziki ukawashwa.

Namgeukia mama nimwambie twende zetu, nakuta analia.

Nikashtuka. "Mama, kuna nini?"

"Ni yeye," akasema. "Hiyo sauti. Ni yule kijana."

Wakuu, hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Zamani kwetu, mgonjwa alikuwa anabebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa yenye miti miwili inayokaa mabegani mwa watu. Kila nyumba kilimani inatoa bega. Ukikataa bila sababu, siku yako utabaki na mgonjwa wako. Mama alipokuwa na uchungu wa kumzaa Baba Neema, mtoto alikaa vibaya, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Wanaume wakambeba kuelekea hospitali, kushuka bonde na kupanda tena.

Kulikuwa na bwana shamba kijana, mgeni, wala siyo wa kilima kile. Hakuna aliyemwita. Aliiona ingobyi inapita, akaegesha baiskeli yake, akaingiza bega. Kwenye utelezi mwenzake wa mbele alianguka, na yule kijana alipiga magoti kwenye tope ili mti usishuke. Mama anasema alimsikia akimwambia, "Usiogope dada, hatukuachi." Sauti nzito ya mtu wa mbali.

Desturi ni kwamba mtoto akizaliwa salama, waliobeba wanaitwa nyumbani, wanakaa, wanakunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na mama anawashukuru mmoja mmoja. Mama alipopata nguvu ya kuwaita, yule bwana shamba alikuwa ameshahamishwa. Hakuwahi kumshukuru. Zaidi ya miaka arobaini amekaa na shukrani ya watu kifuani, na mimi nilikuwa sijui.

Sasa yule mgombea pale jukwaani alikuwa amesema, kama wanavyosema wote, "Ngara ni nyumbani, milima hii nimeitembea kwa miguu yangu." Sauti nzito hiyo hiyo. Mama akaunganisha.

Njiani akaniambia, "Mama Neema, kura yangu ndiyo urwagwa wake. Siku hiyo utaniwekea vema kwa huyo kijana wangu."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya mtungini.

Basi wiki zile tulibishana! Tukiwa jikoni, tukiwa shambani, tukiwa tunachagua mbegu. Namwambia maharage yataingia ghalani, ananiambia mtu aliyepiga magoti kwenye tope hawezi kumdhuru. Namwambia soko la Mugoma litafungwa, ananiambia ataelimishwa huko mbele ya safari. Siku moja nilipandisha sauti, nikamwambia, "Mama, bega siyo sera!" Nikajisikia vibaya kutwa nzima, ila sikuomba radhi maana niliona niko sahihi.

Nikampigia Baba Neema anisaidie. Akasema, "Kura ni yake, mwekee anachotaka." Huyo naye, mwanaume wa kukwepa ugomvi.

Jirani yetu mmoja, Mama Shukuru, alisikia tunavyovutana akaja na maneno laini. Mama akisema hivi, yeye "ndiyo mama". Akisema vile, "kweli kabisa mama". Akajitolea kabisa kwamba siku ya kura atampeleka yeye, mimi nipumzike. Nikajua mama atakubali. Mimi ningekuwa yeye ningekubali.

Hapo shetani alikuwa ameshaniingia, niwe mkweli. Niliwaza kwamba mama haoni. Nikishika kalamu nikaweka vema pale ninapotaka mimi, nani atajua? Nilijiambia ni kwa faida yake mwenyewe, kwa maharage yake mwenyewe. Wazo hilo nilipanda nalo kitandani nikaamka nalo.

Kisha nikanunua bando, nikaingia mtandaoni kutafuta CV ya yule bwana, nizidishe hoja.

Wakuu! Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Mwaka aliozaliwa Baba Neema, mgombea wetu alikuwa mtoto wa darasa la nne, mkoa mwingine kabisa. Hajawahi kuwa bwana shamba. Ngara haikutajwa hata mara moja kwenye maisha yake. Na mimi niliyemwona jukwaani kwa macho yangu mawili mazima, nilipaswa kujua siku ile ile. Kijana aliyebeba ingobyi wakati ule leo ni mzee. Lakini nilikuwa nimejaa hasira, nasikiliza maharage tu.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisimama nimwite mama nimwambie nimeshinda.

Nikamkuta ameketi na ungo mapajani, anachagua mbegu kwa vidole, anatoa zilizotobolewa na fukusi bila kuziona. Anaimba kidogo kidogo. Tangu siku ya mkutano alikuwa anaimba. Nikarudi ndani.

Siku tatu nilikaa na lile jambo. Ya nne nikaenda kwa Mzee Bukuru, ambaye kati ya waliobeba ingobyi ile amebaki yeye tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mkwe wetu. Umekuja kugombana na nani leo?" Nimewaambia, sifa zangu zimefika mbali.

Nikamuuliza yule bwana shamba alikuwa nani. Akakumbuka mara moja. Alikuwa anaitwa Sospeter, akasema, na alihamishiwa mbali. Miaka michache baadaye walisikia amefariki. Habari ile ililetwa na bwana shamba aliyefuata, ikaishia kwa wanaume, wakainywea pombe wakasahau. "Hakuna aliyefikiri kwamba mama yako anamngoja," akasema. Akatazama chini.

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Nilitoka kutafuta hoja, nikarudi na msiba.

Nilimwambia mama mchana, tumekaa barazani. Sikuanza na mgombea. Nilianza na jina, "Mama, yule kijana aliitwa Sospeter." Akatabasamu, akalirudia. Nikamwambia na lililobaki.

Vidole vyake vilisimama kwenye ungo. Kuku wakaja kudonoa mbegu, wala hakuwafukuza.

Kisha akauliza, "Alikuwa na watoto?"

Nikasema sijui, mama.

"Hata mkewe sikumwambia asante."

Nililia mimi kabla yake. Nilimshika tu, nikamwomba radhi kwa yote, kwa kupandisha sauti, kwa kila kitu. Akanipapasa mgongo kama vile mwenye msiba ni mimi.

Kwetu nyumba yenye msiba haishiki jembe. Asubuhi iliyofuata udongo ulikuwa umelowa vizuri, majirani wote wamekwenda kupanda, na mama akasema, "Leo hatulimi." Siku ya mvua ya kwanza, wakuu, siku ambayo mkulima haipotezi hata akiwa na homa. Hatukulima. Wapitao waliuliza nani amefariki, mama akawajibu, "Ndugu yangu Sospeter." Mzee Bukuru akaja akakaa nasi. Jumapili jina lake likasomwa kanisani pamoja na marehemu wengine, na mama alisimama liliposomwa.

Ikabaki siku ya kura.

Alfajiri nilijua Mama Shukuru atakuja kumchukua. Kweli akaja, amevaa kitenge kipya. Mama akamwambia, "Asante mwanangu, mimi naenda na huyu." Akanyoosha mkono upande wangu.

Njiani akaanza. Kumbe baada ya msiba kura yake ilikuwa imebaki mikononi, haina mwenyewe. Akaniambia nirudie zile hoja zangu, moja moja, polepole. Nikazirudia. Safari hii alisikiliza kweli. Kwa stakabadhi aliguna. Kwa soko la mpakani akasema hapo nina haki. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchaguliwa alinibishia, akasema wapo waliochaguliwa mara tano na bado hawasikii. Nikaona ana hoja.

Kisha akauliza, "Na huyo unayempenda wewe, mwenza wake ni nani?"

Wakuu, nikafungua mdomo.

Sikumjua! Naapa. Yule wa kwanza nilikuwa naweza kukutajia hadi shule yake ya msingi. Huyu wangu, mwenza wake nilikuwa nimeona picha tu kwenye bango, hata jina sikulikumbuka, achilia mbali anasemaje juu ya maharage. Mimi wakili! Mimi ninayechunguza mwenza kama mbegu!

Mama alicheka hadi akasimama katikati ya njia akashika tumbo. "Haya, twende hivyo hivyo," akasema, "wote wawili vipofu."

Kituoni, msimamizi akamuuliza nani atamsaidia. Akasema, "Mkwe wangu." Msimamizi akanitazama usoni, akaniambia naweka alama pale anapotaka mpiga kura, siyo ninapotaka mimi, na nikitoka hapo ni siri. Nikaitikia.

Ndani ya kile kibanda cha maboksi nilimsomea karatasi kuanzia juu hadi chini. Mgombea na mwenza wake, mgombea na mwenza wake, kwa sauti ya chini, bila kuongeza kitu. Alinisikiliza, kichwa ameinamisha. Akaninong'oneza.

Nikaweka vema pale pale aliposema.

Msiniulize ni wapi. Sitasema hata mkinitumia bando la mwezi.

Yangu niliweka baada yake, na kwa mara ya kwanza niliiweka bila kiburi.

Tukirudi, Baba Neema akapiga simu. "Mama kampigia nani?"

"Siri."

"Hata mimi mwanaye?"

"Hata wewe."

Mama akasikia akatabasamu. Mimi nilikuwa na jambo linanikereketa tangu asubuhi, nikamuuliza. Mama, wiki zote hizi tumegombana. Mama Shukuru hajawahi kukupinga hata neno moja. Kwa nini hukwenda naye?

Akatembea hatua kadhaa, mkono wake begani kwangu.

"Mama Neema, aliyeniambia ndiyo kwa kila kitu, ningejuaje moyoni anataka nini? Wewe unanipinga usoni. Nilijua mtu kama wewe hataniibia nyuma ya boksi. Ndiyo maana nilikuchagua wewe."

Sikumwambia kwamba nilikaribia kumwibia. Leo nitamsomea uzi huu wote, na atalijua hapa, mbele yenu. Nimeshindwa kulibeba peke yangu.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Hoja zangu juu ya yule bwana bado ninazo, sijafuta hata moja, na akipita tena Ngara nitanyoosha mkono tena. Ila nimejua kwamba kumpinga mtu kwa haki ni kazi, na kazi hiyo nilikuwa nimeifanya upande mmoja. Na kura ya mtu mwingine, hata akiwa haoni, hata akiwa amekosea, haigusiki.

Haya, uwanja ni wenu. Nipondeni, nisahihisheni, wa Ngara na Biharamulo mliobebwa kwa ingobyi semeni nani alikubebeni. Na kabla hujaandika chochote, taja jina la mwenza wa yule uliyempigia kura. Bila kuchungulia mtandaoni.

Ngoja nikamsomee mama. Ameshamaliza mchicha.